Pampu Haivuti Maji



Leo nataka kuwasimulia habari za mtihani mmoja nilioshindwa, na habari za maji. Labda mtasema: «Habari za kushindwa zina faida gani? Utuandikie habari za kushinda.» Ngojeni kidogo. Mtu akijikwaa njiani hugeuka atazame ni jiwe gani lililomkwaza. Asiyetazama atajikwaa tena pahali palepale. Mimi nilijikwaa katika somo la maji, nami niliona haya mwaka mzima. Leo sioni haya tena, kwa sababu jiwe lile nimelijua sura yake.

Mambo yenyewe ni haya. Katika mwaka wa 2013 nilikuwa kijana wa miaka 23, hapa Lubumbashi. Nilikuwa nimemaliza miaka mitatu ya chuo cha ufundi, nami nilitamani sana kuendelea mpaka kuwa injenieri kamili wa mashini. Kuingia katika masomo yale si bure: kulikuwa na mtihani wa kuingia, nafasi chache, na vijana wengi mlangoni. Waliuliza hesabu, nguvu za vyuma, elimu ya moto na mvuke, na mekanika ya maji, maana yake elimu ya vitu vinavyotiririka: namna maji na hewa vinavyokaa, vinavyokandamiza na vinavyotembea.

Niliogopa hesabu, niliogopa vyuma. Maji sikuyaogopa hata kidogo. Nilijisemea: «Maji nani asiyeyajua? Tangu utoto nimebeba bidoni kichwani.» Basi nilikesha usiku juu ya vitabu vingine, na kitabu cha maji nilikifungua mara mbili tatu tu. Nilishika sheria kwa kichwa kama mtoto anavyoshika wimbo, nikaona inatosha.

Siku ya mtihani, swali la tatu lilikuwa la pampu. Waliandika hivi kwa kifupi: pampu imewekwa metre 8 juu ya maji ya kisima, katika bomba la kuvutia, msuguano unapoteza metre 1,5, pahali penyewe ni penye metre 1200 juu ya bahari, kama mji wetu. Je, pampu itafanya kazi?

Nilicheka moyoni. Nilikumbuka ya kuwa hewa ya dunia inaweza kusimamisha nguzo ya maji ya metre 10,3. Nikatoa 8, nikatoa 1,5, ikabaki 0,8. Nikakumbuka tena ya kuwa maji yenyewe hutoa mvuke wake, ambao unahitaji karibu metre 0,3. Bado ilibaki nusu metre. Nikaandika kwa herufi nzuri: «Pampu itafanya kazi.» Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Matokeo yalipobandikwa ukutani, jina langu halikuwapo. Nilisoma karatasi ile kutoka juu hata chini, kisha kutoka chini hata juu, kana kwamba jina langu lilikuwa limejificha nyuma ya majina ya wengine. Halikuwapo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikipita njia ndefu. Baba alikuwa ameketi uani juu ya kiti chake cha kamba. Nawaambieni kwanza Baba alikuwa mtu gani. Yeye alifanya kazi ya pampu miaka 31 katika mgodi mmoja wa shaba, kwa maana migodi yetu hujaa maji, na pampu zikisimama mgodi unazama. Darasani hakupita mwaka wa tano wa shule ya chini. Herufi alizijua, hesabu za kujumlisha na kutoa alizijua, basi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu:

– Walikuuliza nini?

Sikutaka kumjibu. Nilifikiri: «Mzee huyu atafahamu nini?» Lakini alikuwa baba yangu, nami nilimweleza swali la pampu, kwa sababu ndilo swali nililokuwa na hakika nalo.

Baba alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

– Metre 8 juu ya maji? Hapa kwetu? Na bomba lina msuguano? Haiwezi, mwanangu. Kazini hatukuweka pampu juu ya maji kupita metre 5 au 6. Ukizidisha, inaanza kulia kama mtu anayetafuna changarawe. Na ukiifungua baada ya miezi michache, utakuta gurudumu lake la ndani limetoboka-toboka kama ubao ulioliwa na mchwa.

– Lakini Baba, kitabu kinasema hewa inasimamisha metre 10!

– Kitabu chako kiliandikwa wapi? Pwani?

Nilinyamaza. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau hata leo:

– Na jambo jingine. Pampu haivuti maji. Watu husema inavuta, lakini haivuti. Yenyewe inaondoa hewa katika bomba, na hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji yapande. Hewa ikiwa na nguvu kidogo, maji yatapanda kidogo. Pampu ufanye uwezavyo, haitamwongezea hewa nguvu.

Nikaingia chumbani, nikawasha mshumaa kwa sababu umeme haukuwapo, nikafungua kitabu. Kumbe! Mambo yote yalikuwamo. Nguzo ile ya metre 10,3 ni ya usawa wa bahari. Ukipanda juu, hewa iliyo juu yako inapungua, na uzito wake unapungua. Penye metre 1200, hewa haiwezi kusimamisha maji kupita karibu metre 9. Sasa toa 8, toa 1,5: umekwisha kupita chini ya sifuri. Pampu haiwezi. Na ile metre 1200 ilikuwa imeandikwa wazi katika swali, mbele ya macho yangu. Niliisoma kama mtu anavyosoma jina la mji asioujua, nikapita.

Hapo nyuma, nilipokuwa nikijiandaa, niliruka kurasa za historia, maana niliziona kama hadithi za kupitisha wakati. Usiku ule nilizisoma. Katika Italia, mafundi wa visima walijua tangu zamani ya kuwa pampu yao haipandishi maji kupita metre 10 hivi, wala hawakujua sababu. Evangelista Torricelli ndiye aliyesema ya kuwa tunaishi chini ya bahari ya hewa, na hewa hiyo ina uzito. Kwa wazo lake, mwaka wa 1643, walipima uzito ule kwa bomba la kioo lenye zebaki. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1648, Blaise Pascal alimwomba shemeji yake apande na bomba kama hilo juu ya mlima Puy de Dôme katika Ufaransa. Kule juu zebaki ilishuka karibu sentimetre 8. Basi mtu yule alipanda mlima ili watu wajue jambo lile lile ambalo mimi, mwenyeji wa nchi ya juu, nililipita bila kulitazama. Na baba yangu alilijua kwa sikio, kwa sauti ya changarawe.

Lakini kufahamu hakurudishi nafasi iliyopotea, na gharama ilikuwa kubwa kuliko nilivyowaambia. Mama aliuza unga sokoni. Franka za mtihani, za vitabu na za usafiri alizitoa katika kikopo alichokuwa akiweka kwa ajili ya ndugu yangu mdogo wa kike, aliyepaswa kuingia shule ya sekondari mwaka ule. Tulifikiri: kaka ataingia chuoni, atapata kazi ndogo za kufundisha watoto wa watu, kikopo kitajaa tena. Sasa kikopo kilikuwa kitupu, nami sikuingia popote. Msichana akabaki nyumbani.

Jioni moja Mama alituita. Alisema:

– Tutajaribu mara moja tena. Mara moja tu. Mkishindwa wote wawili, sitakuwa na maneno.

Ndugu yangu hakusema kitu mbele ya wazazi. Lakini baadaye, alipokuwa akiosha vyungu, aliniambia bila kuinua macho:

– Yaya, usifanye nikae bure.

Nawaambieni kweli, hakuna mwalimu aliyenisukuma kuliko maneno yale.

Tangu siku ile nilianza kujizoeza kwa namna nyingine. Zamani nilisoma sheria, nikatazama mfano uliofanywa kitabuni, nikasema: «Nimefahamu.» Lakini kutazama mtu anayeogelea si kuogelea. Nikajiwekea amri: kila siku maswali matatu, bila kutazama jibu mpaka nimemaliza. Na kwa kila swali, mambo sita kwa mpango mmoja: kwanza nachora picha, hata kama swali ni dogo, pili naandika kila nililopewa pamoja na kipimo chake, tatu nachagua mahali pawili katika maji, pale ninapojua na pale ninapotafuta, nne nauliza ni sheria gani inayounganisha mahali hapo pawili, tano nafanya hesabu, sita najiuliza: «Je, jibu hili linaweza kuwa kweli hapa duniani?»

Jambo la sita ndilo nililolikosa katika mtihani. Kama ningelijiuliza swali lile, labda ningelikumbuka ya kuwa sijaona katika mji wetu pampu iliyo juu ya maji kwa metre 8.

Ndugu yangu akawa msaidizi wangu. Alikuwa na saa ya mkononi ya zamani, naye alikwenda kuteka maji kila asubuhi. Nilimwomba ahesabu muda wa kujaza bidoni. Akarudi akasema: «Sekunde 80.» Bidoni ni ya litre 20, basi kila sekunde ilitoa robo litre. Tukapima mdomo wa robine: milimetre 15. Tukapata ya kuwa maji yanatoka kwa mwendo wa metre 1,4 kwa sekunde, kama mtu anayetembea bila haraka. Kisha nikamfundisha hesabu ya Osborne Reynolds, yule profesa wa Manchester ambaye, mwaka wa 1883, alipitisha uzi wa maji ya rangi ndani ya bomba la kioo. Maji yakienda polepole, uzi ule ulikaa umenyooka. Yakienda kasi, ulivunjika na kuchanganyika pote. Hesabu yake ikiwa chini ya 2000 hivi, maji ndani ya bomba yanatulia. Ikipita 4000, yanavurugika. Ya robine yetu ilipita 21 000. Ndugu yangu akacheka: «Ndiyo sababu yanarukia nguo zangu!»

Jambo la pipa lilitugombanisha na Mama. Nilikuwa nimejifunza ya kuwa maji yanayotoka katika tundu la chini ya pipa yana mwendo uleule wa kitu kilichoanguka kutoka usawa wa maji mpaka kwenye tundu. Hilo nalo ni neno la Torricelli. Nilitaka kuliona kwa macho. Uani palikuwa na pipa la litre 200 ambalo Mama aliwekea maji ya siku zisizo na maji. Nikalitoboa karibu na chini, tundu la sentimetre moja. Mama aliporudi kutoka sokoni akakuta maji yanaruka, akapiga kelele mpaka majirani wakaja. Baba akachonga kijiti, akaziba tundu, akasema: «Sasa pipa lina robine. Mwache apime.»

Tukapima. Maji yalikuwa sentimetre 80 juu ya tundu. Kwa hesabu, mwendo wake ni karibu metre 4 kwa sekunde, na ndoo ya litre 10 ilipaswa kujaa kwa sekunde 32. Tukaondoa kijiti. Ndugu yangu akashika saa. Ndoo ilijaa kwa sekunde 53.

Nilihuzunika. Nikapima tena: 53. Nikafikiri hesabu ni mbovu, au Torricelli alidanganya. Baba aliinama, akatazama maji pale yanapotoka, akanionyesha kwa kidole:

– Tazama. Yakitoka yanakonda. Tundu ni nene kuliko maji yenyewe.

Ilikuwa kweli. Maji yanayokuja kutoka kila upande wa pipa hayawezi kupiga kona ghafula. Yanaendelea kubanana hata nje ya tundu, na mkondo unakuwa mwembamba. Vitabu vinasema ya kuwa kwa tundu lenye ukingo mkali, maji yanayotoka ni karibu 60 tu kwa 100 ya yale ya hesabu tupu. Gawanya 32 kwa 53, utapata 60 kwa 100. Wasomaji, nilikuwa nimesoma namba ile mara nyingi katika kitabu, nikaiona kama ushuru usio na sababu. Tangu siku ile sikuisahau tena, kwa maana niliiona ikitoka katika pipa la Mama.

Maswali ya kitabu changu yalikwisha upesi. Kwa bahati jirani mmoja alikuwa na mtoto aliyesoma katika India. Huyo alirudi na kitabu kikubwa cha maswali ya zamani ya mtihani wao uitwao GATE, ambao vijana wa India hufanya ili waingie katika masomo ya juu ya uinjenieri. Maswali yake ni 65, saa ni 3, pointi ni 100. Na sharti lao moja ni kali: penye majibu manne ya kuchagua moja tu, anayekosa swali la pointi moja hakosi pointi ile tu, bali hukatwa theluthi ya pointi katika zile alizopata kwingine. Asiyejua, afadhali anyamaze. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, nami nilikuwa nimesoma kwa Kifaransa. Nilikaa na kamusi ndogo mkononi. Lakini maji ya India na maji ya Kongo yana sheria moja, na picha ya bwawa haihitaji kamusi.

Sharti lile la kukatwa pointi nikalichukua kwa mazoezi yangu. Kila nilipobahatisha jibu nikakosa, nilijikata. Nikaona aibu kubwa: wiki ya kwanza sehemu kubwa ya pointi zangu ilikuwa ya kubahatisha.

Tena nilifungua daftari la makosa. Humo sikuandika majibu sahihi. Niliandika tu nilikosa wapi na kwa sababu gani. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimefanya maswali 212, na nilikosa 60. Nikayapanga makosa yale kama mama anavyochambua mchele. Makosa 23 yalikuwa ya vipimo: milimetre zilizoachwa bila kugeuzwa kuwa metre, litre zilizoitwa metre za ujazo. Makosa 14 yalikuwa ya hewa: kusahau kuihesabu au kuihesabu mara mbili. Makosa 12 yalikuwa ya kuchukua upana wa bomba pahali pa nusu ya upana. Na makosa ya kutokujua sheria? Yalikuwa 11 tu. Basi nilifahamu ya kuwa katika makosa 60, yale 49 yalitoka kwa haraka na kiburi, si kwa ujinga. Ujinga una dawa, ni kusoma. Kiburi ni kigumu zaidi, kwa sababu mwenyewe hajui kama anaumwa.

Kuna usiku ambao nilichoka nikataka kuacha. Ndugu yangu, ambaye alikuwa amekwisha jifunza mengi kwa kuketi karibu, aliniuliza: «Yaya, kule Inga wanatumia maji yote ya mto?» Hilo halikuwa swali la kitabu, lakini tulilifanya. Inga ya kwanza ilianza mwaka wa 1972, ina nguvu ya megawati 351. Inga ya pili ilianza mwaka wa 1982, ina megawati 1424. Tukachukua ile ya pili, tukakisia maporomoko ya metre 55, na ya kuwa mashini hupoteza sehemu moja katika kumi. Nguvu ya maji ni uzito wake unaoanguka kila sekunde, mara urefu wa maanguko. Tukapata ya kuwa, mashini zote nane zikifanya kazi kamili, zinahitaji karibu metre za ujazo 2900 kila sekunde. Na Mto Kongo kwa kawaida hupitisha zaidi ya 40 000. «Kwa hiyo hata sehemu moja ya kumi haifiki,» alisema ndugu yangu. Kisha akatazama mshumaa wetu, akanyamaza. Mimi pia nilinyamaza. Tuliendelea na swali lililofuata.

Mwaka wa 2014 nikarudi katika mtihani. Swali la maji safari hii lilikuwa hili: tanki la maji liko metre 20 juu ya mtaa, bomba lenye upana wa milimetre 200 linaleta maji mtaani, na msuguano unapoteza metre moja tu. Mtu mmoja anataka kupunguza gharama, aweke bomba la milimetre 100, urefu uleule. Je, mtaa utapata maji yaleyale?

Nikachora picha. Nikaandika vipimo. Msuguano wa bomba hukua pamoja na mwendo wa maji mara mwendo, na bomba likiwa jembamba nusu, maji yaleyale yanapaswa kupita kwa mwendo wa mara 4. Ukihesabu yote pamoja, hasara inakuwa mara 32. Basi badala ya metre moja, metre 32. Lakini tanki lina metre 20 tu! Jibu langu lilitoka chini ya sifuri.

Mwaka uliotangulia ningelifuta jibu lile kwa hofu, nikafikiri nimekosa, nikatafuta namba iliyo nzuri zaidi. Safari hii niliweka kalamu chini, nikajiuliza lile swali la sita. Namba iliyo chini ya sifuri ilikuwa inaniambia nini? Ilikuwa inaniambia kama Baba: «Haiwezi, mwanangu.» Maji yaleyale hayawezi kufika. Basi yatafika kiasi gani? Yatapungua mpaka msuguano utosheke na zile metre 20. Nikahesabu: hata tukitumia metre zote 20 bila kubakiza nguvu yoyote robineni, mtaa utapata karibu 79 tu kwa 100 ya maji ya zamani. Nikaandika: «Mtu huyu atapunguza gharama ya bomba, na akina mama watalipa kwa kungoja.» Sijui kama msahihishaji alipenda maneno yale. Lakini jina langu lilikuwa ukutani, la 9 kutoka juu.

Nilikimbia nyumbani kwa njia fupi. Baba alikuwa juu ya kiti chake cha kamba. Nikamweleza swali la bomba kabla ya kumwambia matokeo, maana nilitaka kusikia atasema nini. Akasema: «Nusu ya bomba? Lo! Huyo anataka kuwaua watu kwa kiu.» Kisha akanitazama usoni, akafahamu, akacheka. Mama akashika kikopo, akakitikisa. Kilikuwa na sauti kidogo tu. Lakini kwa kazi ya kufundisha hesabu jioni, nilianza kukijaza mwezi uleule, na mwaka ule ndugu yangu akaingia shule, nyuma ya wenzake kwa mwaka mmoja. Mwaka ule mmoja nilimpotezea mimi. Alipomaliza sekondari alichagua fizika. Nilipomwuliza kwa nini, alijibu: «Kwani si mimi niliyeshika saa?»

Sasa mimi ni injenieri, na Jumamosi vijana wa mtaa huja kwangu na madaftari yao. Wengi huja na haraka. Husema: «Utuonyeshe sheria zitakazotoka katika mtihani.» Mimi huwapa ndoo na saa kwanza. Wengine hawarudi tena. Wanaorudi nawaambia haya, nami nawaambieni ninyi pia mlio na watoto wanaojiandaa kwa mtihani wowote.

Usidharau somo unalodhani unalijua. Wazee walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi nilidhani nimeyafika kwa kuwa niliyabeba kichwani. Fanya zoezi kwa mkono wako mwenyewe, kisha uhifadhi makosa yako kuliko unavyohifadhi sifa zako. Jibu lako likikushangaza, usilifute upesi. Liulize linataka kusema nini. Na kama nyumbani kwako yuko mzee aliyefanya kazi kwa mikono yake, hata kama hakupita darasa la tano, mweleze swali lako kabla ya kwenda mtihanini, si baada ya kurudi.

Baba yetu hayupo tena. Kiti chake cha kamba kiko kwangu, uani, karibu na pipa la Mama. Tundu lile bado lipo, limezibwa kwa kijiti kilekile alichokichonga. Kijana akiniambia ya kuwa pampu inavuta maji, namwonyesha kiti kile, namwambia akae, ndipo tunaanza.